Nimekabidhiwa CRM ya ofisi, kila mteja ana rekodi tatu: nianzie wapi?

Binti_Likoni

Assalam aleikum wanajukwaa, na habari zenu nyote.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Mombasa, upande wa Shimanzi. Tuko watu 14. Kazi yetu kubwa ni kutoa magari yanayotoka Japani, kontena za wafanyabiashara wa hapa mjini, na mizigo ya kupita kwenda Uganda na Sudan Kusini. Wateja wote wamo kwenye CRM, yaani programu ya kuwekea habari za wateja, iliyonunuliwa kabla sijaajiriwa. Kijana aliyekuwa akiisimamia ameondoka mwezi jana, bosi akanikabidhi mimi kwa sababu najua Excel. Mambo haya sikuyasomea.

Nilivyoyakuta ni hivi. Sote tunaingia kwa jina moja na neno moja la siri, na neno lenyewe limebandikwa kwenye karatasi juu ya printa. Mteja mmoja ana rekodi mbili au tatu, yuko mmoja nimemhesabia tano. Wiki iliyopita mfanyabiashara wa Marikiti alipigiwa simu na wenzangu wawili siku hiyo hiyo, huyu akamtajia bei hii na mwengine bei nyengine. Alikuja juu, na haki alikuwa nayo. Sasa bosi anataka ripoti ya wateja waliorudi mara ya pili mwaka huu. Nikiitoa kutoka kwenye mfumo huu najua nitampelekea uongo.

Ndani ya mfumo kuna kitufe cha kutafuta rekodi zinazofanana na kuziunganisha zote kwa mkupuo. Nimekitazama siku ya tatu leo. Nikibofye? Na nisipokibofya, naanzia wapi?

Fundi_Changamwe

Usibofye. Kwanza funga milango.

Karatasi ya printa iondoe leo. Badilisha neno la siri, kila mtu apewe akaunti kwa jina lake, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri kisha nambari ya pili ya kuhakikisha ni wewe. Huyo aliyeondoka mwezi jana anaweza kuingia akiwa nyumbani kwake na kupakua wateja wote. Sisemi ni mwizi, nasema mlango uko wazi. Ukishakuwa na akaunti za mtu mmoja mmoja, anayeacha kazi usifute akaunti yake, izime tu. Jina lake ndilo linaloonyesha nani aliongea na mteja na lini, na ukilifuta unaweza kubaki na wateja wasio na mwenyewe.

Ruhusa ya kupakua orodha nzima ibaki kwako na kwa bosi. Muuzaji anahitaji kumwona mteja wake. Hana haja ya kuondoka na wote kwenye flashi.

Bi_Rekodi

Wa aleikum salaam mwanangu. Aliyosema Fundi yafanye kesho asubuhi kabla ya chai. Mie nitasema juu ya hicho kitufe, maana niliwahi kuuachia mfumo uunganishe wenyewe.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa kwenye kampuni moja ya kutoa magari bandarini, tuna wateja 3,200 na ushei. Tulitaka kuongeza mji wa kila mteja, nikapakua orodha yote kama faili ya CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, nikaifungua kwa Excel, nikajaza miji, nikahifadhi, nikairudisha ndani ya mfumo. Simu zote zilikuwa zimeandikwa kwa 254 mbele, yaani tarakimu 12. Excel huichukulia nambari ya simu kuwa hesabu, na ikizidi tarakimu 11 huionyesha kwa mkato: 2.54722E+11. Niliiona. Nikadhani safu ni nyembamba, nikiipanua itakaa sawa. Lakini CSV huhifadhi kile kilichoonekana pale kwenye kioo. Orodha iliporudi, wateja wa 0722 walikuwa na simu moja, 254722000000. Na wale wa 0722 ambao tarakimu inayofuata ni 5 kwenda juu, walikadiriwa wakawa 254723000000, wakachanganyika na wa 0723.

Usiku ule mfumo ukafanya kazi niliyoupangia mwenyewe miezi miwili nyuma: watafute wenye simu moja, waunganishe. Asubuhi nikakuta wateja 87.

Kuna mzee mmoja wa Lunga Lunga ambaye sitamsahau. Alikuwa akingoja Probox yake, gari alilouzia shamba. Ujumbe wa kuwa gari limetoka ulikuwa wa mtu mwengine, ukaenda kwake kwa sababu rekodi zao zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja. Akaja na wanawe wawili, wamevaa vizuri, tayari kuliendesha nyumbani. Mie ndiye niliyetoka nje kumwambia. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi akaomba maji.

Nakala ya akiba tulikuwa nayo, ya miezi saba nyuma, na tulipojaribu kuifungua haikufunguka. Kilichotuokoa ni kabati la mafaili ya karatasi. Wiki 11, mie na wasichana wawili wa mafunzo ya kazi, faili moja baada ya moja, tunamrudisha kila mtu mahali pake. Mifumo mingi ina kitufe cha kuunganisha lakini haina cha kutenganisha. Kufuta kuna afadhali: kwenye CRM zinazojulikana, Salesforce hukuwekea kilichofutwa kwa siku 15, HubSpot siku 90. Watu wawili wakishaunganishwa, hata ukivuta rekodi kutoka kwenye kapu la vilivyofutwa, historia zao zimeshaingiliana.

Kwa hivyo kabla ya kugusa chochote toa nakala, na uifungue. Usihesabu kuwa ipo mpaka umeifungua. Chukua wateja kumi kutoka ndani ya nakala, walinganishe na mfumo, simu kwa simu. Mie hufanya hivyo kila Alhamisi jioni, hata wiki ambayo hapajatokea kitu. Nakala yenyewe ifungie kwa neno la siri, maana hiyo ndiyo orodha nzima ambayo Fundi anakwambia usimpe mtu.

Halafu simu. Chagua namna moja ya kuandika, na kwa kazi yenu iwe ile ya kuanza na alama ya kujumlisha: +254 kwa wa hapa, +256 kwa Mganda, +211 kwa wa Sudan Kusini. Ukiacha kila mtu aandike atakavyo, 0722, 722 na 254722 ni watu watatu machoni pa mfumo. Unapoleta faili kwenye Excel usiifungue kwa kubofya mara mbili. Iingize kama data, na uiambie safu ya simu ni maandishi. Na usiweke kanuni ya kukataa nambari isiyoanza na 07, siku hizi ziko nyingi za 01.

Sasa majina, na hapa ndipo CRM hizi zinapotushinda sisi watu wa pwani. Zimetengenezwa kwa watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi mtu ni jina lake, la babake, la babuye. Ali Mohamed Ali ana mtoto anaitwa Mohamed Ali Mohamed. Nani hapo wa ukoo? Muuzaji mmoja ataandika Mohamed, wa pili Mohammed, wa tatu Muhammad, na mteja ni yule yule. Athman na Uthman. Swaleh na Saleh. Fatma na Fatuma. Abdalla na Abdallah. Yuko mteja hamumjui hata kwa jina la kitambulisho, mwamjua kwa Abu Fulani au Mama Fulani. Kitufe chako kikilinganisha majina, kitaziacha rekodi pacha za mtu mmoja zilizotofautiana herufi moja na kitawaunganisha watu wawili wasiojuana.

Nilichofanya mie ni kuweka nafasi moja ya jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na nafasi ya pili ya jina analojulikana nalo. Hiyo ya pili ndiyo wauzaji huitumia kumtafuta mtu. Cha kumtambulisha kwa yakini ni PIN ya KRA, nambari ya mlipa kodi ya hapa Kenya. Ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi A, halafu tarakimu tisa na herufi ya mwisho. Mwaagiza mizigo, PIN mnayo tayari kwenye karatasi za forodha, haimgharimu mtu kitu kuinakili. Mfumo ukatae PIN moja kuingia mara mbili. Wateja wa mizigo ya kupita hawana PIN ya Kenya, hao tumia nambari ya kodi ya nchi yao.

Ukishafika hapo ndipo uunganishe, kwa mkono, ishirini kwa siku, na kila mmoja umuulize muuzaji anayemjua. Itakuchukua miezi. Ichukue.

Jambo la mwisho, nunua daftari. La karatasi. Kila unachobadilisha kwenye mfumo andika tarehe, umebadilisha nini, nani aliomba, na kwa nini. Mie niko kwenye la nne.

Meneja_Nyali

Nakubaliana na Bi Rekodi kwa mengi, ila nyote mwashughulikia uchafu uliokwisha ingia. Dawa ni kuuzuia mlangoni. Fanya nafasi zote ziwe za lazima: simu, barua pepe, PIN, anwani, mji, namna alivyotujua, aina ya mzigo. Asiyejaza, mfumo haumruhusu kuhifadhi. Mimi nasimamia wauzaji tisa na hivyo ndivyo nilivyowanyoosha.

Bi_Rekodi

Bwana Meneja, kwa heshima, naomba ufungue mfumo wako leo uhesabu ni wateja wangapi wana barua pepe ya a@a.com, na wangapi wanaishi mji unaoitwa nukta.

Sikuambii haya kwa kubahatisha. Nililazimisha nafasi 12, nikafurahi mwezi mzima kuona zote zimejaa. Halafu nikaenda kukaa na vijana wetu siku nzima kule Miritini, kwenye yadi ya kontena. Jua la saa saba, kijana amesimama mbele ya geti, simu mkono mmoja, karatasi mkono wa pili, dereva wa lori anampigia honi. Mteja amempa jina na simu. Mfumo unamtaka barua pepe. Hana. Atafanyaje? Ataandika chochote apite. Nilipoona vile niliona haya, nikarudi ofisini nikaondoa tisa. Lazima zikabaki tatu: jina, simu, na aina ya mzigo. PIN inadaiwa baadaye, kazi inapofunguliwa rasmi, na wakati huo karatasi ziko mezani.

Nafasi tupu inakwambia kweli, kuwa hatujui. Nafasi iliyojazwa uongo hutaigundua mpaka siku unayoihitaji.

Na wewe Binti, kabla ya kuongeza nafasi yoyote, angalia zilizopo. Nilipoipokea CRM ya mahali nilipo sasa ilikuwa na nafasi 61 kwa kila mteja. Zaidi ya 40 hazikuwahi kujazwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na mbili za faksi. Zifiche kwanza kwa mwezi, usikie nani analalamika, ndipo uzifute.

Meneja_Nyali

Nimehesabu. Sitaji idadi. Nimeziondoa nne tayari, na anwani ni mojawapo, maana wengi waliandika "Mombasa" tu.

Tudor_92

Kuna upande wa sheria hapa haujatajwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Kanuni za usajili za 2021 zinasamehe biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, na nyinyi mko 14, kwa hivyo muulize bosi kama mmejisajili kwa Kamishna wa Data. Orodha ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wateja, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna tangu mlipojua. Huwezi kujua imevuja kama watu 14 wanatumia akaunti moja. Na mteja ana haki ya kuuliza mnacho nini juu yake na kutaka kilicho na makosa kirekebishwe. Kwa hivyo wauzaji wasiandike kwenye sehemu ya maelezo kitu ambacho hawawezi kumsomea mteja mwenyewe.

Nakala za vitambulisho pia. Kama zimetapakaa kwenye WhatsApp za wauzaji, ziingizwe kwenye mfumo na zifutwe kwenye simu.

Binti_Likoni

Shukran nyote, wallahi. Nimepita wiki tatu kimya kwa sababu nilikuwa nafanya.

Karatasi ya printa niliitoa siku ile ile. Kila mtu ana akaunti yake. Siku mbili za kwanza nilichukiwa, siku ya tatu dada mmoja wa mauzo akaniambia sasa anaona wateja wake tu na kazi imekuwa nyepesi. Nakala nimetoa, nimeifungua, nimelinganisha kumi. Wawili kati ya kumi simu zao zilikuwa hazina sifuri mbele wala 254, nikaelewa kuna mtu aliwahi kupitia Excel kabla yangu.

Saa za mfumo pia hazikuwa sawa! Ulikuwa umeachwa kwenye majira ya Marekani, na tarehe zake zinaanza na mwezi. Meli iliyotarajiwa 4 Julai ilisomwa 7 Aprili. Nimeuweka kwenye majira ya Nairobi na tarehe zianze na siku, lakini rekodi za zamani itabidi nizipitie, hasa zile ambazo siku haizidi 12, maana hizo hazijionyeshi kuwa zimegeuka. Na nimewaomba wenzangu waandike saa kwa mtindo mmoja. Mmoja akiandika "mpigie saa 4" alimaanisha saa nne asubuhi, mfumo ukamwamsha saa kumi ya alfajiri.

Nimeunganisha pacha 260 hivi. Jana nikakwama. Kuna Ali Mohamed na Mohamed Ali, simu moja, mtaa mmoja wa Majengo, magari mawili tofauti. Muuzaji anasema ni mtu mmoja aliyeandikwa kinyume. Nikampigia mwenyewe. Ni baba na mwana, baba hana simu.

Bosi nimemwambia ripoti yake nitampa mwezi wa tatu kutoka sasa, na kwa nini. Alikunja uso lakini alikubali.

Lipo moja naomba mnisaidie. Yule mfanyabiashara wa Marikiti aliyepigiwa mara mbili nilimfuata dukani kumwomba radhi, nikabeba rekodi zake tano nimezichapa kwenye karatasi, nikamwomba azitazame. Nne ni zake. Ya tano akaniambia ni ya nduguye, amefariki mwaka 2021. Simu ile anayo mjane. Akaniomba tusiipige tena, maana kila mwaka hupigiwa na watu wa ofisi yetu wakimuuliza marehemu kama ana mzigo. Nifute rekodi?

Bi_Rekodi

Mungu amrehemu.

Baba na mwana waache wawili. Weka uhusiano kati yao, na kwenye simu andika kuwa ni ya mwana.

Ya marehemu usiifute. Ina mizigo na malipo, na kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae miaka mitano. Andika kuwa amefariki, toa simu ile kwenye nafasi ya simu kabisa uiweke ndani ya maelezo ambapo hakuna mtu wala programu itakayoipiga, na umwondoe kwenye orodha za wauzaji. Kisha ingia kwenye jumbe zinazotoka zenyewe, za kukumbusha malipo, za mwisho wa mwaka, na ile ya Idd Mubarak. Uhakikishe hayumo hata kwenye moja. Ile ya Idd ndiyo hupita bila mtu kuikumbuka.

Binti_Likoni

Ya Idd alikuwemo. Nimemtoa sasa hivi. Walikuwemo na wengine wawili.